Namna ya Kununua Fedha kwa Nyongeza ya Haki Juu ya Bei ya Soko

Mtu anayenunua fedha, yaani madini yenyewe katika umbo la sarafu au mikuo, haipati kwa bei ile ile inayotangazwa kwenye taarifa za masoko. Bei hiyo ni ya wafanyabiashara wakubwa, ambao London hukabidhiana mikuo ya takriban wakia 1,000, kila mmoja ukiwa na uzito wa kilo 31 hivi. Anayetaka sarafu moja ya kushika mkononi hana budi kulipia pia kuyeyusha, kugonga chapa, kusafirisha na faida ya muuzaji. Kwa hiyo nyongeza si wizi. Kinachopaswa kuchunguzwa ni kiasi chake.

Anza kwa kuijua bei ya siku hiyo, nawe uikumbuke kwa wakia inayotumika kupimia madini ya thamani, ambayo ni gramu 31.1, wala si ile ya vyakula ambayo ni gramu 28.35. Kisha geuza kila kitu unachouziwa kiwe wakia za fedha halisi, kwa kuzidisha uzito wake na kiwango cha usafi. Chukua mfano wa sarafu ya Maria Theresa, ambayo wazee wa pwani yetu waliijua kwa jina la reale na ambayo hubeba mwaka 1780 hata kama iligongwa karne mbili baadaye. Uzito wake ni gramu 28.07, lakini usafi wake ni sehemu 833 katika 1,000, hivyo fedha iliyomo ni gramu 23.4, yaani robo tatu ya wakia tu. Kama bei ya soko ni dola 30 kwa wakia, fedha ya ndani ya reale ina thamani ya dola 22 na nusu, na anayekuuzia kwa dola 30 kwa hoja kwamba "ni sarafu ya wakia moja" amekutoza nyongeza ya theluthi nzima.

Umbo la bidhaa lina uzito mkubwa katika hesabu hii. Kazi ya kugonga kipande cha gramu tano haipishani sana na kazi ya kugonga kipande cha wakia moja, na ndiyo maana vipande vidogo hubeba nyongeza kubwa kuliko vyote, ilhali mkuo wa wakia 10 au 100 huwa na nyongeza ndogo kwa kila wakia. Sarafu za serikali, kama vile Silver Eagle ya Marekani, Maple Leaf ya Kanada na Britannia ya Uingereza, huuzwa ghali kuliko vipande vya viwanda binafsi vyenye uzito ule ule.

Hata hivyo, usikimbilie kile chenye nyongeza ndogo kabla ya kuuliza swali ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha jambo zima: "Nikikurudishia leo, utakinunua kwa bei gani?" Mara ya kwanza nilipokwenda dukani sikuliuliza, nikatoka na vipande kumi vya kiwanda binafsi, nikifurahia unafuu wake. Siku nilipotaka kuviuza, muuzaji yule yule alinipa chini ya bei ya soko. Tuseme bei ya soko ni dola 30: kipande cha binafsi kinauzwa dola 33 na duka linakinunua kwa 29.50, na Silver Eagle inauzwa dola 36 na duka linainunua kwa 33. Pengo la kwanza ni dola 3.50, la pili ni dola 3, basi ile iliyoonekana ghali ndiyo iliyo nafuu. Pima pengo hilo katika maduka matatu au zaidi, kwa siku moja, kabla ya kutoa pesa.

Ongeza kwenye bei gharama zote za pembeni, kama usafirishaji, bima na ada ya kulipa kwa kadi, ambayo mara nyingi huepukika ukilipa kwa hawala ya benki. Uingereza, fedha mpya hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, ingawa dhahabu ya uwekezaji imesamehewa. Marekani kodi hutegemea jimbo.

Wakati nao huamua. Machi 2020 bei ya soko ilishuka chini ya dola 12, lakini madukani sarafu ziliadimika, na kwa baadhi yake nyongeza ilipita nusu ya thamani ya fedha iliyomo. Katika hali kama hiyo ni heri kusubiri, au kununua mikuo mikubwa iwapo bado ipo.

Ukiona mtu anauza chini ya bei ya soko, toa mizani na rula ya kupimia unene. Silver Eagle ina gramu 31.1, kipenyo cha milimita 40.6 na unene wa karibu milimita 3. Ikiwa uzito ni sahihi lakini sarafu ni nene kupita hapo, ndani yake mna madini mepesi, nawe usiinunue kwa bei yoyote.