Stadi ya tairi imekula nyuzi au inazunguka na nati: namna ya kuitoa bila kuua beringi

Ukiona nati ya tairi inazunguka tu, haitoki haikazi, weka spana chini kwanza. Stadi ni ile bolti inayochomoza kwenye habu (kitovu cha chuma ambapo tairi inafungwa), nati inakazwa juu yake. Hapo kuna magonjwa matatu na kila moja lina dawa yake, ukichanganya ndo unaanza kuharibu vitu vya bei. La kwanza nati imechunika kona, soketi inateleza. La pili nyuzi zimekula (zimelika), nati inazunguka ila stadi imetulia. La tatu ndo baya, stadi yenyewe imeachia kwenye habu, inazunguka pamoja na nati. Kujua ni lipi, chora mstari wa chaki kwenye ncha ya stadi uunganishe mpaka kwenye nati, afu zungusha. Mstari ukikatika stadi ipo imara. Ukienda mzima mzima na nati haisogei nje, basi stadi imeachia.

Ujue pia kwamba hii stadi haijafungwa kwa nyuma, imesindikwa tu. Ina kichwa nyuma ya habu na shingoni ina meno madogo madogo yanayong'ata chuma cha habu, hayo meno yakilika hakuna kingine kinachoishikilia isizunguke.

Kinachoziua hapa Dar mara nyingi ni mashine ya upepo kwa fundi pancha, anadumbukiza nati moja kwa moja na mashine bila kuianzisha kwa mkono, ikiingia upande nyuzi zimekwenda. Kingine ni kukanyagia spana. Piga hesabu, IST na Toyota nyingi ndogo zinataka nati ikazwe kwa Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa spana ya mkono wa sentimita 40 hiyo ni kama kilo 26 mwishoni mwa mkono, yaani nusu mfuko wa saruji tu. Sa mtu wa kilo 80 akipanda juu hapo ameshafika mara tatu yake. Ongeza na kutu ya upepo wa bahari kwa watu wa Kigamboni na Kunduchi, au gari iliyopita kwenye maji ya Jangwani kipindi cha mvua, bas.

Kabla ya chochote gari iwe sehemu tambarare, weka jiwe au gogo tairi za upande wa pili, legeza zile nati nzima wakati tairi bado iko chini. Ukishanyanyua weka stendi, ile jeki ya kwenye buti ni ya kubadilishia tairi tu sio ya kufanyia kazi ya nyundo. Na vaa miwani, sitanii, stadi ni chuma kigumu na kinaruka vipande.

Nati iliyochunika ni rahisi. Puliza WD-40 au dawa yoyote ya kutu, iache inywe, afu kama nati ni ya 21 tafuta soketi ya 20 au 19 ya pembe sita (ya pembe kumi na mbili achana nayo, itamalizia kuchuna), igongelee kwa nyundo mpaka ikae, zungusha kwa nguvu moja bila kushtua shtua. Soketi inaweza isitoke kwenye nati, kwaiyo tumia ya zamani usiyoionea huruma.

Iliyokula nyuzi, na inayozunguka na nati, zinaanza na mbinu moja: kuipa mvutano. Fungua nati nyingine zote uzitoe, afu ingiza nondo bapa au tindo nyuma ya rimu karibu na stadi yenye shida, mtu mmoja avute rimu kuja nje huku mwingine anafungua. Kwa iliyokula, ule mvutano unafanya nyuzi zilizobaki zishikane. Kwa iliyoachia, kichwa cha stadi kinabanwa nyuma ya habu na saa nyingine hiyo inatosha kuizuia isizunguke. Fungua taratibu kwa mkono, ukitumia mashine ya upepo hapo unamalizia meno yaliyobaki.

Ikigoma, unaua nati. Kwenye rimu ya chuma ambayo nati imechomoza unaweza kuikata ubavuni kwa grainda, kata mpaka ubakize kidogo kufika nyuzi, afu tindo na nyundo inapasuka. Kwenye rimu ya aloi nati imezama kwenye tundu, grainda haifiki na ukilazimisha unachora rimu. Hapo ni drili: toboa katikati kabisa ya ncha ya stadi, piga senta panchi kwanza, anza na biti ndogo ya milimita 4 upande kwenda kubwa, uende chini kupita kina cha nati mpaka stadi ibaki ganda, nati itakatika nalo. Tafuta biti za kobalti, za kawaida zinakwisha makali papo hapo, drili izunguke polepole na dondoshea oili. Kama stadi inazunguka na drili, ibane kwa kuivuta na ile nondo. Inachosha ila rimu inapona.

Kuna mafundi wa gereji bubu watakwambia lete moto. Kataa. Rimu ikipigwa gesi na tairi ipo juu yake, tairi inaweza kulipuka, na watu wamekufa kwa hilo. Kama ni lazima moto, tairi itoke kwenye rimu kabisa. Na wale wanaochomelea kichwa cha stadi kwenye habu ili isizunguke tena, umeme wa weldi ukipita kwenye beringi unaichoma, utaanza kusikia mlio siku si nyingi. Stadi mpya ni hela ndogo kuliko beringi.

Tairi ikishatoka kazi kubwa imekwisha. Kwa mbele ya diski, fungua bolti mbili za breketi ya kalipa, ile inayobana diski ukikanyaga breki (Toyota ndogo nyingi ni spana ya 17), kalipa itundike kwa waya kwenye springi, isining'inie na mpira wa breki. Diski ikiganda, angalia ina vitundu viwili vyenye nyuzi, ingiza bolti za milimita 8 ukaze zamu kwa zamu inajisukuma yenyewe. Kwa nyuma ya dramu, toa dramu. Zungusha habu mpaka stadi mbovu ifike penye nafasi ya kichwa kutokea nyuma. Wengi wanagonga nyundo tu, na inatoka, ila kila pigo linapita kwenye beringi. Mi napendelea ile klempu ya G yenye nguvu au puli ya boljointi, unaisukuma, inatoa mlio mmoja mkali wa kuachia na inatoka.

Stadi ya zamani nenda nayo dukani, Shauri Moyo au Gerezani, usiende na jina la gari tu. Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi nyingi ni 12 kwa 1.5 (unene milimita 12, nafasi ya uzi hadi uzi milimita 1.5), Nissan, Subaru na Suzuki ni 12 kwa 1.25, kwa macho zinafanana ila nati haziingiliani. Linganisha urefu na unene wa yale meno ya shingoni kwa venia (kipimo cha kubana cha kupimia unene). Tundu la habu likiwa limeshapanuka na stadi mpya inaingia kwa kidole, hiyo habu imekwisha, tafuta nyingine.

Kuiingiza usigonge. Pitisha stadi kutokea nyuma, panga washa kadhaa nene zenye grisi, weka nati ya zamani kinyumenyume ubapa uangalie washa, kaza inajivuta yenyewe. Chungulia nyuma kichwa kimekaa kabisa kwenye habu, kikiwa na mwanya hata kidogo nati italegea ukiwa barabarani. Nati uliyovutia tupa.

Kwenye kufunga, sugua kutu kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya, nyuzi ziwe safi na kavu bila oili, mana oili inakufanya ukaze kupita kipimo. Anzisha kila nati kwa vidole, kaza kwa mtindo wa msalaba, nati moja afu ile ya upande wa pili, malizia na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) tairi ikiwa chini, afu rudia kukaza ukishatembea kilomita 50 mpaka 100. Na kama umebadilisha rimu angalia nati zake, rimu nyingi za aloi za Toyota zilizokuja na gari zinatumia nati yenye washa bapa, za kununua mtaani nyingi zinataka nati ya koni, ukichanganya tairi inalegea hata stadi ziwe mpya zote.