Kiboksi cha DAC cha bei poa: namna ya kukinyoosha kabla hujafikiria kununua kingine

Wakuu habari za saa hizi. Juzi nilikuwa kwa mzee mmoja jirani yangu hapa Ipagala, kanunua flati skrini mpya, nyuma haina yale matundu mekundu na meupe ya sauti, ina optiko tu (tundu la kutolea sauti kwa mwanga), na mzee ana amplifaya yake ya enzi za kaseti na spika za mbao ambazo hata umpe nini hakuachii. Mjini wakamuuzia kiboksi cheusi kidogo kama kiberiti, optiko inaingia huku, RCA (yale matundu mekundu na meupe) zinatoka kule, umeme volti 5. Sauti ikatoka kweli, lakini nyembamba, halafu nyuma yake kuna mvumo usioisha. Mzee akawa anataka kukitupa. "Kijana, hii takataka umeiona?" Nikamwambia mzee wangu usiitupe kwanza, niachie jioni hii. Naandika kwa sababu maswali ya hivi yananijia kila siku WhatsApp na nimechoka kutuma voisi.

DAC ni kile kinachogeuza namba za kidijitali kuwa umeme wa sauti, basi. Jambo ambalo watu hawaambiwi dukani ni kwamba chipu ya ndani mara nyingi siyo tatizo. Chipu za siku hizi hata za bei chee zinaimudu CD, biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, bila kutoa jasho. Kinachoua sauti ni umeme unaoingia na graundi (njia ya pamoja ya umeme kurudi) inavyotembea kati ya vifaa. Kwa hiyo hela yako ianze kwenye umeme, ifuate kapasita (zinazotunza na kuchuja umeme), opampu (IC ndogo ya kukuza sauti) iwe ya mwisho kabisa. Najua wengi wanaanza na opampu kwa sababu ndiyo inayosifiwa sana na wauzaji.

Vifaa

Mita ya kidijitali inayosoma AC na DC, chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba (wati 40 mpaka 60 inatosha), risasi ya 60/40 yenye rosini ndani, pampu ya kunyonyea risasi na bisibisi ndogo. Mita ni lazima, usije ukaniambia utasikilizia kwa sikio. Risasi nene ya kuzibia sufuria achana nayo.

Hatua ya 1: Weka TV sawa

Ingia kwenye setingi za sauti za TV, utoaji wa dijitali uweke PCM (sauti ya kidijitali isiyobanwa). Ukiacha kwenye Dolby au "auto" viboksi vingi vya bei hii havijui kuisoma, utapata kimya au kelele za ajabu, halafu utasema DAC imekufa. Kama chanzo ni simu au kompyuta, voliyumu ya huko iweke juu kabisa, upunguzie kwenye amplifaya, na zima madoido yote ya kuongeza besi. Na kama nyimbo zako umezivuta YouTube zikawa mp3 ya kilobiti 128, hakuna kiboksi duniani kitakachorudisha kilichokatwa.

Hatua ya 2: Tafuta mvumo unapoingilia

Hapa ndipo muda wote unapoishia, kwa hiyo nitaandika mengi, vumilia.

Kwanza sikiliza ni mvumo wa namna gani. Kuna ule mzito, laini, "mmmm", huo ni 50Hz, yaani mapigo ya umeme wenyewe wa ukutani, na mara nyingi unaingia kwa graundi inayozunguka kati ya vifaa viwili au kwa waya wa RCA wa hovyo uliopita karibu na transfoma. Kuna mwingine mkali, unakereketa, "zzzz", huo kwa kawaida ni 100Hz, unazaliwa baada ya dayodi (zinazogeuza AC kuwa DC), na maana yake mara nyingi ni kapasita kubwa za kuchuja umeme kwenye amplifaya au adapta zimekauka. Ukiusikia huu wa pili huku amplifaya imechomolewa kila kitu nyuma, achana na DAC, kafungue amplifaya.

Utaratibu wangu ni huu na siuruki hata kama nina haraka. Zima kila kitu. Chomoa waya zote za sauti nyuma ya amplifaya, iwashe peke yake, voliyumu pale unaposikilizia siku zote. Kimya? Zima, chomeka RCA kutoka kwenye DAC, DAC yenyewe ikiwa haina umeme wala optiko, washa. Kimya? DAC ipe umeme wa powerbank. Kimya? Ongeza optiko kutoka kwenye TV. Bado kimya? Sasa toa powerbank, rudisha ile adapta iliyokuja nayo. Mvumo ukirudi umeshampata mwizi. Kwa mzee ilikuwa hapohapo, adapta inagusa tu ukutani, spika zinaanza kuunguruma.

Kwa nini adapta? Hizi za pini mbili ndani zina kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa volti 5. Imewekwa makusudi kupunguza makelele ya redio, siyo ubovu, lakini inavujisha umeme kidogo sana na kuufanya upande wa volti 5 uelee. Niliweka mita kwenye AC, ncha moja kwenye ganda la chuma la RCA ya DAC (haijachomekwa kwenye amplifaya), nyingine kwenye chuma tupu cha friji yenye ethi (waya wa kwenda ardhini), ikasoma volti themanini na kitu. Mzee akashtuka. Ni umeme mdogo sana kwa nguvu, haukuui, ila ukipitisha mgongo wa kidole kwenye ganda unahisi unatekenywa, na huohuo ndio unaotafuta njia kupitia ganda la waya wa RCA kwenda kwenye amplifaya. Ndiyo maana nasema USICHOMEKE RCA vifaa vikiwa vimewashwa, ile cheche ndogo inaweza kuondoka na ingizo la amplifaya au chipu ya DAC.

Kinachokurusha mkono siyo kutekenywa, huo ni umeme unaovuja kweli. Zima, ita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, habari za muziki baadaye.

Sasa mengine yanayochanganya watu. Optiko ni mwanga, haina shaba, kwa hiyo mvumo hauwezi kupita ndani yake kutoka kwenye TV. Lakini kama unatumia USB kutoka kwenye laptop, graundi ya laptop inakuja mzimamzima. Jaribu kuchomoa chaja ya laptop ibaki na betri, mvumo ukifa basi chaja ndiyo mwenye mali. Kwa waliounga king'amuzi moja kwa moja kwenye amplifaya, chomoa waya wa dishi usikilize, maana dishi liko juu ya bati, lina njia yake ya kwenda ardhini, amplifaya ina ya kwake, na hizo mbili zikikutana ndio mzunguko wenyewe.

Kuna wanaoshauri kukata pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya. Mvumo unaweza ukaisha kweli, na siku transfoma ikivuja bodi la chuma litakuwa na volti 230 na mtoto wako ndiye atakayeligusa. Usikate. Hapa kwetu Dodoma kuna la ziada, ardhi inakauka kiangazi chote na fimbo ya ethi iliyozikwa kwenye udongo mkavu haifanyi kazi kama ya masika. Kama nyumba yako mvumo unaongezeka kuanzia Agosti kuelekea Novemba, mwambie fundi umeme akapime ethi kabla hujalaumu redio.

Hatua ya 3: Umeme safi

Kuna njia tatu.

Powerbank ndiyo ya haraka. Inakata kabisa njia ya ukutani, mvumo unaondoka. Ubaya wake wa kwanza, ndani inapandisha volti 3.7 kwenda 5 kwa kukatakata umeme, kwa hiyo ina kelele zake za juu. Wa pili, nyingi zikiona kifaa kinakula umeme kidogo zinajizima zenyewe katikati ya wimbo.

Ninayoipenda mimi ni betri ya volti 12, ile ya sola au ya UPS, pamoja na IC ya 7805, chipu inayoshusha umeme na kuusimamisha kwenye volti 5. Ukiiangalia 7805 maandishi yakikutazama na miguu ikiwa chini, kushoto umeme unaingia, katikati graundi, kulia inatoka 5. Weka kapasita ya 334 (yaani 0.33µF) kati ya mguu wa kuingia na graundi, 104 (0.1µF) kati ya mguu wa kutoka na graundi, zote karibu kabisa na miguu, IC ikiwa imefungwa kwenye kibati cha kupoozea. Joto lake si la kutisha: kiboksi kikila miliampu 150, volti 7 na kitu zinazobaki zinageuka wati moja hivi. Weka fyuzi ya ampea 1 karibu na nguzo chanya ya betri, betri ya UPS ikipigwa shoti inayeyusha waya. Na waya zako zichukue moja kwa moja kwenye nguzo za betri, usichukue kwenye matundu ya "load" ya kontrola ya sola, maana kontrola nyingi za bei rahisi zinakata na kuunga upande wa hasi, ukija kuunga graundi ya amplifaya kwa njia nyingine unakuwa umeipita kontrola. Ukisikia kelele mchana tu jua likiwaka, ni kontrola inachaji, ichomoe wakati unasikiliza.

Ya tatu ni transfoma. Chukua ya volti 9 AC, siyo 6. Hesabu yake: 6 mara 1.41 toa dayodi mbili unabaki na volti 7 kama nukta moja, na 7805 inataka kama 7 ndipo isimame vizuri, jioni umeme ukishuka kidogo tu mvumo unarudi. Ya 9 inakupa 11 na kitu, hapo huna wasiwasi. Kapasita ya kuchuja 2200µF ya volti 25. Fyuzi upande wa volti 230, kila kiungo kizibwe, na kama hujawahi kushika umeme wa ukutani rudi kwenye betri.

Kabla ya kuchomeka kwenye kiboksi pima ncha ya plagi, ziwe volti 5 na chanya iwe upande ule uliochorwa kwenye kiboksi.

Wengi wanaweza kuishia hapa. Kwa mzee hii peke yake ilishamaliza robo tatu ya kazi.

Hatua ya 4: Kapasita

Fungua, angalia karibu na RCA. Ukikuta kapasita mbili za duara, moja kila upande, hizo zinazuia volti za DC zisiende kwenye amplifaya. Hapa hesabu inasaidia: 10µF ikikutana na ingizo la amplifaya la kilo-ohm 10 inaanza kukata besi 1.6Hz, sikio halifiki huko, kwa hiyo besi hafifu siyo kosa lake. Ila ukikuta 1µF inakata karibu 16Hz, na kama ni zile bapa za kauri inabadilikabadilika kadiri volti inavyopanda na kuongeza uchafu kwenye besi. Hizo ndizo za kutoa. Weka 22µF au 47µF, volti 16 kwenda juu, nyuzi joto 105. Mstari mweupe ni hasi. Chanya ielekee kwenye chipu ikiwa chipu inatoa nusu ya umeme wake, kama volti 2.5, pima kwanza usibahatishe. Ukimaliza, DC kwenye RCA iwe karibu na sifuri.

Usipokuta kapasita usidhani wamekuibia. Chipu kama PCM5102A inatoa sauti iliyosimama kwenye sifuri, haizihitaji.

Ongeza 470µF ya volti 10 pale 5V inapoingia. Zaidi ya hapo hakuna faida.

Hatua ya 5: Opampu

Kwenye kiboksi cha volti 5 opampu iache kama ilivyo. NE5532, opampu inayopendwa, inataka volti 10 kwa jumla ili ifanye kazi yake, kwenye 5 inabanwa. Kama chako kinakula 12 na opampu iko kwenye soketi ya miguu minane ukaikuta 4558 (opampu ya bei chee), hapo NE5532 au OPA2134 ni sawa, alama ya mguu wa kwanza iangalie palepale ilipokuwa. Washa, gusa baada ya dakika moja, ikiunguza kidole zima haraka. Za bandia zimejaa, na OPA2134 inayouzwa bei ya 4558 ujue ni 4558 iliyobadilishwa jina.

Hatua ya 6: Linganisha kwa haki

Sauti iliyo juu kidogo siku zote inaonekana nzuri zaidi. Kwa hiyo kama una kiboksi kingine ambacho hakijaguswa, cheza toni ya 200Hz kwenye vyote, pima AC kwenye RCA kwa mita, usawazishe voliyumu ndipo usikilize. 200Hz kwa sababu mita za bei rahisi zinadanganya kwenye toni za juu.

Mimi napima kwa rekodi ya ilimba ya Kigogo, ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole. Ule mlio wa kukwaruza unaofuata kila kidole umewekwa makusudi na mtengenezaji, usije ukaudhania ni spika imepasuka. Kwenye mfumo mchafu mkwaruzo na noti vinakuwa uji mmoja, ukishasafisha umeme unasikia noti inaanza, mkwaruzo unafuata, halafu vinazimika kila kimoja kwa wakati wake. Mwambie mtu mwingine abadilishe waya wewe ukiwa umegeuka. Ukipatia na kukosea nusu kwa nusu, hamna tofauti, kinachobaki ni spika na mahali ulipoziweka.

Wakati wa kufunga, kama 7805 umeiweka ndani toboa matundu pembeni chini, siyo juu, vumbi letu mnalijua. Ndani ya miezi michache likichanganyika na mvuke wa jikoni linakaa kwenye miguu ya IC, na hapo mvumo utakaouanza kuusikia hauna uhusiano wowote na ethi.