Kutumia fentemini kupunguza uzito bila kujidhuru

Fentemini ni dawa ya cheti inayopunguza hamu ya kula. Marekani iliiruhusu mwaka 1959, kwa matumizi ya muda mfupi tu.

Kwanza piga hesabu: uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 90 na mita 1.65 anapata 33. Dawa hii ni ya walio na 30 na kuendelea, au 27 wakiwa pia na kisukari au shinikizo la damu lililodhibitiwa.

Mwambie daktari kila ugonjwa ulio nao. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa, glakoma (ugonjwa wa macho) au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi asiitumie kabisa. Vivyo hivyo mjamzito na anayenyonyesha.

Kidonge cha miligramu 37.5 humezwa mara moja kwa siku, asubuhi. Ukikimeza jioni utakesha. Usiongeze dozi hamu ya kula ikirudi: mwili umeizoea dawa, na nyongeza itaupa moyo mzigo bure.

Pima presha na mapigo ya moyo mara kwa mara. Kifua kikiuma, pumzi ikikata au miguu ikivimba, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo.

Baada ya wiki 12, kama hujapungua asilimia 5 (kilo 4.5 kwa mwenye 90), haikufai.

Tafadhali, usinunue vidonge vya kupunguza mwili mitandaoni. Vingi vimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya kiharusi na mshtuko wa moyo.