Mbwa wa ulinzi na watoto nyumbani (someni hii kabla ya kunipigia simu)

Wiki hii wamenipigia watu wanne, swali lile lile: "Fundi, mbwa wangu amefunzwa, nikimwachia na watoto kuna neno?" Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia hii, asinune.

Mimi nafunza mbwa hapa Malindi. Nilianza kama soja kwenye majumba ya Casuarina, nikapewa mbwa wa kuzunguka naye usiku, na kutoka hapo sikuiacha kazi hii.

1. Chanjo ya kichaa cha mbwa. Akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kama huna kadi ya chanjo, shughulikia hilo kwanza.

2. Jua amefunzwa nini hasa. Kuna wa kubweka tu. Kuna wa kung'ata akiamriwa na kuachia akiamriwa. Halafu kuna aliyefungwa mnyororo akachokozwa mpaka akawa mkali. Huyo hakufunzwa, ameharibiwa. Kipimo ni kimoja: akiwa ameng'ata mkono wa mafunzo (ile ngozo nene mfunzaji anayoivaa mkononi ili mbwa aing'ate), sema neno la kuachia mara moja tu. Ikibidi urudie, huyo hajafikia kuishi na watoto.

3. Amri isiwe neno la watoto. Wengi wanafunza kwa "Shika!" na "Acha!" Sasa kaa barazani jioni moja uhesabu watoto wanaokimbizana wanapiga kelele "mshike!" na "niache!" mara ngapi. Mbwa anasikia yote. Wafunzaji wengi wanatumia Kijerumani, mfano "Aus" kwa kuachia, kwa kuwa mafunzo haya yalikolea Ujerumani. Kwetu faida yake ni nyingine: hakuna mtoto wa Maweni atakayelitamka akicheza.

4. Mbwa awe na ua wake mwenyewe. Komeo liwe juu, mtoto asilifikie.

5. Nguo mkononi. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni taratibu.

Nilikuwa na Rottweiler niliyemfunza mwenyewe miaka miwili. Hakuwahi kumgusa mtoto. Jumapili moja dada yangu akaja na wanawe kutoka Mambrui. Yule wa miaka saba alitoka pwani, akajizungushia taulo mkononi, akawa anajifanya bondia uani. Mbwa alinyanyuka kivulini akamwendea kimya, hata kubweka hakubweka. Akalidaka taulo pamoja na mkono uliokuwa ndani. Nilitamka neno, akaachia pale pale. Yalibaki matundu mawili ya meno, mkono uliovimba, na dada yangu ambaye hakunisemesha mpaka mwezi ukaandama mwingine.

Kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba mtoto alimchokoza. Si kweli. Mbwa alifanya kazi niliyomfundisha. Ule mkono mnene wa gunia na turubai tunaovaa kwenye mazoezi, kwake ndio mchezo mtamu kuliko yote, na zawadi yake ni kuudaka. Hakuona mtoto wa dada yangu. Aliona mkono mnene unarukaruka mbele yake. Tunasema mbwa "anamjua mwizi". Mbwa anajua umbo, mwendo na neno, basi.

Kwa hiyo:
- Mazoezi ya kung'ata yasifanyike kamwe kwenye ua wanamochezea watoto. Tafuta uwanja.
- Mkono wa mafunzo ufungiwe kabatini. Ukiachwa nje, mtoto atauvaa; ningekuwa mdogo mimi mwenyewe ningeuvaa.
- Marufuku taulo, kikoi au shuka kuzungushwa mkononi mbele ya mbwa.
- Mtoto aliyevunjika mkono akafungwa plasta: mbwa asimsogelee mpaka plasta itoke. Hili hakuna anayelifikiria.
- Usimchezeshe mbwa kuvutana kitambaa na mtoto.

6. Mtu mzima awepo. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata unapokwenda kuepua chai. Uso wake uko usawa mmoja na mdomo wa mbwa, ndiyo maana watoto wadogo wakiumwa mara nyingi ni usoni na shingoni. Na mara nyingi anayewauma ni mbwa wanayemjua, si mbwa koko wa njiani.

7. Usimpige kwa kunguruma. Kunguruma ni hodi. Ukimpiga ataacha kunguruma, siku nyingine ataingia bila hodi. Hata kabla ya hapo huwa ameshasema: anajilamba midomo bila chakula, anapiga miayo, anageuza kichwa, anakakamaa, jicho linaonyesha weupe pembeni. Ukiona hayo, mtoe mtoto, usimgombeze mbwa.

8. Wageni. Siku ya Idd watoto wa mtaa mzima wanaingia kuomba mkono wa Idi. Mbwa afungiwe tangu alfajiri. Mbwa anayewapenda wanao hajui kwamba binamu anayewaangusha chini anacheza mieleka.

Akiuma: osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili ukitazama saa, si kwa kukisia. Usipake chochote cha kienyeji. Hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni mkwaruzo, na sindano utakazoandikiwa zimalizwe zote. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

MASWALI

Baba Wawili: Kaka, nina German Shepherd wa miezi 8. Watoto wanamchokoza kwa fimbo ili awe mkali. Ni sawa?

Jibu: Umesoma? Namba 2. Wanyang'anye fimbo leo.

Mtu wa Muyeye: Unatisha watu bure. Wangu amekua na mwanangu, wanalala mkeka mmoja.

Jibu: Wangu naye alikuwa na miaka miwili ya usafi mpaka siku ya taulo. Na simhofii sana mwanao. Nawahofia rafiki zake wanaoruka ukuta kufuata mpira.

Mama Ngala: Ahsante mwalimu. Umesema ya mbwa na ya wazazi. Mtoto mwenyewe nimfundishe nini?

Jibu: Swali zuri dada, nilipaswa kuliandika juu. Mawili. Mbwa akimjia: asimame kama mnazi, mikono chini, aangalie vidole vyake vya miguu, asikimbie wala kupiga kelele, maana anayekimbia anawindwa. Akiangushwa: ajikunje kama kobe, mikono ifunike masikio na shingo, anyamaze. Mfanyeni kama mchezo, wewe uwe mbwa. Ongeza hili: mbwa anayekula, anayelala au mwenye watoto haguswi.

Mama Ngala: Tumeshacheza. Mdogo amesimama kama mnazi mpaka chakula kimepoa.

Abu Salim: Mbwa wa ulinzi nafuga kwa dharura ya wizi. Lakini mtoto akirambwa kabla ya swala?

Jibu: Kwa madhehebu yetu ya Shafi, palipopata mate panaoshwa mara saba, moja kwa maji yenye udongo. Ukiufuata ule ua wa namba 4 unapumzika pande zote mbili. Zaidi ya hapo muulize sheikh wako, mimi ni mtu wa mbwa.

Kijana wa Watamu: Nimesikia kuna mkono mwembamba unaovaliwa ndani ya shati, mbwa asiuone. Je, huo hauondoi tatizo la taulo?

Jibu: Umefikiri. Unapunguza kweli ile tamaa ya nguo nene. Lakini sasa umemfundisha kwamba hata mkono usio na kitu unaumwa. Kwa mbwa wa kampuni ya ulinzi, sawa. Kwenye nyumba ya watoto mimi sifiki huko. Mbwa wa kubweka vizuri na geti zima vinatosha. Mwizi wa hapa kwetu akisikia sauti nzito anapita nyumba ya pili.

Jirani wa Barani: Nje ya mada, kupe wananimaliza. Nimwogeshe baharini?

Jibu: Maji ya chumvi hayaui kupe. Dawa ya daktari wa mifugo, na ufyeke nyasi za uani. Kagua ndani ya masikio na kati ya vidole. Ukimpeleka pwani, weka kiganja mchangani kwanza. Kikikuchoma, nyayo zake zinaungua pia. Nendeni alfajiri, kisha msuuze chumvi.

Baba Wawili: Fimbo nimenyang'anya. Sasa wanatumia ufagio.

Jibu: Nipigie.