SOMO: Siku moja Efeso kwa miguu, anzia juu ushuke

Bwana asifiwe wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo, na wengine habari zenu. Naona watu wetu wengi wanaenda Istanbul kufunga mzigo wa nguo, wakimaliza wanageuza, kumbe ile Efeso ya Paulo, ya Yohana, ya Ufunuo 2, iko hukohuko Uturuki, ndege ya ndani mpaka Izmir ni kama saa moja tu. Ongeza siku mbili kwenye safari yako halafu fuata hivi.

Hatua ya 1: Lala Selçuk, sio Izmir. Treni unaipanda palepale uwanja wa ndege wa Izmir, inakushusha Selçuk, mji mdogo ambao magofu yako kama kilomita 3 tu kutoka hapo. Na usichukue zile ziara za basi za siku nzima. Mimi mara ya kwanza nilichukua, wakatupeleka duka la majaketi ya ngozi tukakalishwa saa nzima tunaangalia vijana wanapita na majaketi kama maonyesho ya mitindo, halafu kwenye thieta (ukumbi wa wazi wa mawe) ya Matendo 19 tukapewa dakika kumi. Kumi!

Hatua ya 2: Asubuhi na mapema, Nyumba ya Maria, panaposemwa aliishi mama wa Yesu. Dolmuş (ndo daladala zao) haziendi huko mlimani kwa hiyo chukua teksi, patana bei kabisa kabla hujapanda, mwambie akusubiri kisha akushushe geti la JUU la Efeso. Ni kinyumba cha mawe tu, unapita kimyakimya ndani ya dakika mbili umetoka. Wamefika Papa Paulo VI mwaka 1967, Yohane Paulo II 1979 na Benedikto XVI 2006. Nje kuna ukuta uliojaa vikaratasi na vitambaa vya maombi, nilimkuta mama wa Kiislamu na hijabu yake anafunga chake, pembeni yake sista anafunga chake, wanapishana mikono.

Hatua ya 3: Teremka. Kiingilio kimechangamka, mwaka 2024 kilikuwa yuro 40, jipange. Ukianzia geti la juu unashuka mpaka chini, ukianzia la chini unapanda kilima na jua la utosi, shauri yako. Utapita vyoo vya Warumi, benchi la marumaru lina matundu yamepangana bila hata kizuizi, watu walikuwa wanakaa bega kwa bega wanapiga stori. Halafu Maktaba ya Celsus. Hapo kila mtu anapiga selfi anaangalia juu, wewe angalia chini kwenye ngazi, utaona kinara cha Wayahudi kimechongwa, kidogo tu, rahisi kukikanyaga bila kujua. Ila usimdanganye mtu kwamba Paulo alipanda ngazi hizo, maktaba imejengwa miaka kama 60 baada yake.

Hatua ya 4: Thieta. Hapa ndo ukae. Inabeba watu kama 25,000. Panda mpaka safu za katikati, kaa kwenye jiwe, fungua Matendo 19 kuanzia mstari wa 23, soma taratibu. Demetrio mfua fedha anaona biashara ya vihekalu vya Artemi, mungu wao wa kike, inakufa, anawachochea mafundi wenzake, Gayo na Aristarko wanaburutwa humu ndani, Paulo anataka kuingia wanafunzi wanamkatalia. Watu wakapiga kelele masaa mawili, na wengi hata hawajui wamekusanyikia nini! Siku niliyokaa hapo liliingia kundi moja la watalii wa meli, wanaitana tu kawaida, zile kuta zikarudisha sauti mpaka nikafunga Biblia kwanza. Ukitazama mbele utaona barabara pana ya bandarini, imenyooka halafu inaishia kwenye majani, kwa sababu mto ulileta tope miaka na miaka bandari ikafukiwa, bahari sasa iko kilomita kadhaa.

Hatua ya 5: Kabla hujatoka geti la chini uliza Kanisa la Maria, ndo ulikofanyika Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Efeso mwaka 431. Wengi wanalipita hivihivi. Kisha dolmuş mpaka mjini, kula çöp şiş, vimishikaki vidogodogo, maliza kwa Basilika ya Mt. Yohana aliyoijenga Kaisari Justinian. Ukiwa pale kilimani tazama bondeni, hekalu la Artemi, moja ya yale maajabu saba ya dunia, limebaki nguzo moja na kiota cha korongo juu yake.

MASWALI

Swali: Mimi mlokole, huko kwa Maria nakwendaje? Na ni kweli aliishi hapo?
Jibu: Si lazima mpendwa, ukiruka hatua ya 2 utapata muda zaidi thieta. Kanisa Katoliki lenyewe halijatamka kwamba ndo nyumba yake hasa, na Yerusalemu nako wana kaburi la Maria chini ya Mlima wa Mizeituni. Anayeenda anaenda kusali.

Swali: Mama yangu ana miaka 70 na magoti yanamsumbua, ataweza?
Jibu: Ataweza akianzia juu, asianzie chini. Mvalishe raba, ile marumaru imesuguliwa na miguu ya watu mpaka inateleza kama sabuni. Zile nyumba za matajiri wa kale zenye tiketi ya ziada zirukeni, ni ngazi tupu. Na mwamvuli, vivuli ni vya kutafuta.

Swali: Darasa la Tirano alipofundisha Paulo miaka miwili liko upande gani?
Jibu: Halijapatikana mpaka leo. Mwongoza watalii akikuonyesha jengo akasema ndo hili, mwombe akuonyeshe na kibao chake.

Swali: Kaka kuna paka wangapi huko, kila picha uliyotuma ina paka 😂
Jibu: Hao ndo wenyeji dada, mmoja alinilalia kwenye begi nikiwa Matendo 19:35, nikashindwa kumtoa.