Kabla hujaunda kofakta ya kutia DNA alama

Kofakta ni molekuli saidizi ya kimeng'enya; hapa ni ile inayobeba alama ambayo kimeng'enya kitaibandika kwenye DNA. Usianze na kuichora. Anza kwa kujua AdoMet, kofakta ya asili ambayo methiltransferasi (vimeng'enya vya kubandika methili) huchota methili, kundi dogo la kaboni na hidrojeni, na kuibandika kwenye DNA, huharibika vipi. Nguvu yake iko kwenye salfa yenye chaji chanya, na hapo hapo ndipo inapovunjikia. Kwenye maji ya pH 7 au 8, kundi lake la kaboksili hujipinda na kushambulia kaboni iliyoshikana na salfa, molekuli ikakatika. Pia adenini, sehemu nyingine ya AdoMet, hung'oka kwenye sukari iliyoishika. Tena salfa yenyewe hugeuka umbo, na umbo hilo jipya kimeng'enya hakilitaki.

Kila njia ina dawa yake, kwa hiyo jua kwanza ni ipi inayokuumiza. Ukiweka tetrazoli (pete ya kaboni moja na nitrojeni nne) mahali pa kaboksili, unaziba ile ya kwanza. Ukiweka kaboni badala ya nitrojeni ya 7 ya adenini, adenini haing'oki kirahisi. Ila kaboksili ndiyo mojawapo ya vishikizo vya kimeng'enya, basi hakikisha bado kinaikubali molekuli uliyoibadili.

Mnyororo wa alama, unaowekwa kwenye salfa mahali pa methili, nao una hatari zake. Mwaka 2006, Elmar Weinhold wa Aachen, Saulius Klimašauskas wa Vilnius na wenzao walionyesha kwamba bondi maradufu au ya mara tatu (atomu mbili zilizoshikana kwa vifungo viwili au vitatu) karibu na salfa huwezesha mnyororo mrefu kuhamishwa. Lakini ule mfupi wa propargili, wenye kaboni tatu tu, huliwa na maji upesi. Waliobadili salfa kwa seleniamu waliweza kuutumia.

Pima uthabiti kwenye joto la kazi. M.TaqI, methiltransferasi inayotia alama kwenye mfuatano TCGA wa DNA, hufanya kazi kwenye nyuzi 65, kwa hiyo kipimo cha nyuzi 37 hakikusaidii kitu. Weka kofakta kwenye bafa bila kimeng'enya, uchote kidogo kila baada ya muda, upitishe kwenye kromatografia, mbinu ya kutenganisha molekuli, uone kiasi kilichobaki. Angalia pia kama bafa ina DTT, ambayo ni thioli (kemikali yenye kundi la salfa na hidrojeni). Thioli zinaweza kunyakua alama yako. Akiba ihifadhi kwenye asidi hafifu, kwenye friza, katika mirija midogo midogo.

Mwisho, andaa mrija usio na kofakta kabisa. DNA ya fagi lambda (kirusi cha bakteria) ina sehemu 121 za TCGA. Ikiwa na alama, R.TaqI, kimeng'enya kinachokata DNA kwenye TCGA, haiikati, na kwenye jeli hubaki ukanda mmoja mzito juu. Ukiuona ukanda huo hata kwenye mrija usio na kofakta, ujue kimeng'enya kimekuja na AdoMet yake tumboni, na kinachoikinga DNA ni methili. Kisafishe kwanza.