Kabla ya kulaumu betri ya mashine ya kukata nyasi

Mashine ya kukata nyasi inayotumia betri inapokataa kuwaka, wengi hukimbilia kununua betri mpya, ambayo ndiyo sehemu ghali kuliko zote, ilhali mara nyingi kosa liko kwenye ufunguo wa usalama usiokaa sawasawa, swichi ya mpini iliyochakaa, au vituo vya betri, yaani vipande vya chuma vinavyopitisha umeme, vilivyoshika kutu na majimaji ya nyasi. Chomoa betri kwanza, kisha safisha vituo hivyo kwa kitambaa kikavu, na ndipo upime volti kwa mita: betri ya lithiamu yenye seli 10 zilizounganishwa mfululizo husoma takriban volti 42 ikiwa imejaa. Ikisoma chini ya 25, huenda chaja ikaikataa kabisa, na kuilazimisha ipokee chaji kwa njia za mkato ni kukaribisha moto.

Ikiwa mashine inawaka lakini inaishiwa nguvu mapema, noa kisu, kwa sababu kisu butu huilemea mota na kuimaliza betri upesi.

Mashine ya petroli haina shida hizi za betri, ila hudai oili, plagi na kabureta isiyozibwa na mafuta yaliyolala miezi mingi. Ile ya waya, inayochomekwa kwenye soketi, ndiyo rahisi zaidi kutengeneza. Kero yake ni waya wenyewe, ambao kisu huweza kuukata usipoangalia. Kwa bustani ndogo iliyo karibu na soketi, mimi ningeichagua hiyo bila kusita.